Chuma cha fremu ya baiskeli: jinsi ya kulinganisha madaraja kabla hujatoa pesa

Muuzaji wa baiskeli za mtumba akishajua unatafuta fremu nzuri, atakuambia "hii orijino", kisha ataipiga kofi bomba la juu na kukutazama usoni. Kofi lile halikuambii kitu. Hapa nimekusanya vipimo ninavyotumia mwenyewe nikiwa sokoni na venia (kifaa cha kupimia kipenyo na unene), sumaku na mizani ya kuning'iniza mfukoni. Vyote vitatu havigharimu hata bei ya tairi moja zuri.

Anza na jambo linalowapoteza wengi

Watu hudhani chuma cha daraja la juu hutengeneza fremu iliyokakamaa zaidi. Si kweli. Chuma, kiwe cha nondo za dirishani au cha fremu ya mbio, kikipewa umbo na unene uleule hupinda kwa kiasi kilekile chini ya mzigo uleule. Ukakamavu wake ni gigapaskali 200 na kidogo. Hata uzito hautofautiani: sentimita moja ya ujazo ni gramu 7.85 hivi, iwe ya bei rahisi au ya bei mbaya.

Kinachotofautiana ni nguvu, yaani chuma kinabeba mzigo gani kabla hakijapinda moja kwa moja au kukatika. Fikiria waya ambao ukiukata, uso wake una eneo la milimita moja ya mraba. Ukiwa wa chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo, nguvu yake ni megapaskali 400 hivi, maana yake unabeba kama kilo 40. Ukiutundikia mfuko wa saruji wa kilo 50, unakatika. Waya huohuo ukiwa wa kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni), megapaskali 700, unaubeba mfuko na bado una akiba ya kilo 20. Ukiwa wa Reynolds 853, chuma cha daraja la juu cha kampuni ya mabomba ya Uingereza, megapaskali 1250 hadi 1400, unabeba mifuko miwili na nusu.

Sasa faida ya nguvu hiyo ni nini, ikiwa ukakamavu ni uleule? Ni kwamba mtengenezaji anaweza kupunguza unene wa ukuta wa bomba bila fremu kukatika. Daraja ni ruhusa ya kuwa mwembamba, basi. Asiyeitumia ruhusa hiyo amekuuzia jina: fremu ya kromoli yenye kuta nene ni nzito sawasawa na ya chuma cha kawaida yenye kuta nene.

Columbus wa Milano, kampuni ya mabomba ya fremu iliyoanzishwa mwaka 1919, waliliweka wazi hili katika orodha yao ya zamani. Mabomba yao ya SL na SP ni chuma kimoja kabisa. SP ina ukuta mnene zaidi, kwa waendeshaji wazito na fremu ndefu. Mtu akikuambia SL ni "daraja la juu" kuliko SP, ujue hapo hafahamu anachokiuza.

Hesabu ndogo ya bomba moja

Bomba la chini la fremu nyingi za zamani lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Likiwa na ukuta wa milimita 1.2, mita moja ina uzito wa gramu 810 hivi. Punguza ukuta uwe 0.6: gramu 415, karibu nusu. Lakini na ukakamavu nao umeshuka karibu nusu. Ndiyo maana fremu nyepesi za kizamani huyumba kidogo ukisimama juu ya pedeli mlimani.

Sasa chukua ukuta uleule wa 0.6, ila panua kipenyo kifike 31.8. Uzito unapanda hadi gramu 460, ongezeko la asilimia 11 tu, wakati ukakamavu unapanda kwa asilimia 38. Hapo utaona kwa nini fremu za chuma kuanzia miaka ya 1990 zina mabomba mapana kuliko za baba zetu. Kwa hiyo ukilinganisha fremu mbili, uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: kipenyo, unene wa ukuta, halafu ndiyo jina la chuma.

Kuna jambo la nne, nalo ni umbo la ndani. Bomba la bei rahisi lina unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Bomba zuri lina ncha nene, mahali linapochomelewa na kubeba msukosuko, na katikati ni jembamba. Mimi huliita bomba la kiuno. Kwenye stika utakuta neno "butted", na "double butted" ikiwa ncha zote mbili zimenenepeshwa. Vipimo kama 0.9/0.6/0.9 vinasomwa hivyo hivyo: ncha, kiuno, ncha. Hati miliki ya ubunifu huu ilichukuliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1897, na Alfred Reynolds, ambaye familia yake ilikuwa ikitengeneza misumari.

Hatua ya kwanza: sumaku

Ipitishe fremu nzima, bomba kwa bomba. Isiponasa kabisa, hiyo mara nyingi ni alumini na mwongozo huu haukuhusu. Ikinasa kwa nguvu kote, endelea. Ikinasa kote isipokuwa sehemu moja inapolegea, simama hapo. Chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti kuna bonde. Niliwahi kuinunua fremu ya namna hiyo kwa haraka ya jioni, rangi inang'aa kama ya kiwandani. Nyumbani nilikwangua kwa wembe nikakuta bonde la kutosha dole gumba, limejazwa puti ya magari.

Baada ya sumaku pitisha vidole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, karibu na kichwa pale usukani unapoingia. Baiskeli iliyogonga ukuta huacha mkunjo mdogo pale, ambao macho hayauoni ila vidole vinauhisi. Ukiukuta, irudishe kwa mwenyewe. Daraja la chuma haliponyi mkunjo.

Hatua ya pili: isome stika, halafu usiiamini

Stika iko kwenye bomba la siti mara nyingi, kwa juu. Haya ndiyo majina utakayoyaona sana.

Hi-Ten, au "high tensile": jina la kifahari la chuma cha kawaida chenye kaboni. Kuta zake ni nene, unene mmoja. Baiskeli za mizigo za mtindo wa Phoenix, Hero na Avon ziko kundi hili, na pia zile za Kijapani za akina mama zenye kapu mbele. Raleigh za Nottingham zenye stika ya "20-30" nazo ni chuma cha kaboni, kilichoboreshwa kidogo tu. Namba ile isikutishe.

4130, au Cr-Mo, au kromoli: namba mbili za mwanzo zinataja familia, kromiamu na molibdeni. Mbili za mwisho zinataja kaboni, asilimia 0.30. Ulaya chuma ndugu yake huitwa 25CrMo4. Hapa ndipo palipo na fremu nyingi nzuri za kununulika: Tange na Ishiwata za Japani, Columbus SL na SP, Reynolds 520 na 525. Ishiwata ni rahisi kusoma kwa sababu 022 inamaanisha seti nzima ya mabomba ina uzito wa kilo 2.2 hivi, na 019 kilo 1.9. Kwa Tange, namba ndogo ndiyo nyembamba: Namba 1 ni nyepesi kuliko Namba 2. Tange Prestige imepitishwa kwenye moto kiwandani ili kuongezwa nguvu.

Reynolds 531 si kromoli. Ni chuma cha manganizi na molibdeni, kilichotoka mwaka 1935, na kwa nguvu kiko jirani kabisa na kromoli. Kilisifika mpaka kikatumika kwenye fremu ya mbele ya gari la Jaguar E-Type. Ila namba za Reynolds hazipandi kama ngazi. 525 haiko "chini" ya 531 kwa pointi sita. Na 501 ni kromoli iliyokunjwa kutoka bati na kuunganishwa kwa mshono, wakati 531 ni bomba lisilo na mshono.

Juu yao wako walioimarishwa kwa joto. 753 ya mwaka 1976 ni 531 iliyopitishwa kwenye moto ili ukuta uweze kuwa mwembamba mno. 725 ni kromoli iliyofanyiwa vivyo hivyo. 631 na 853 ni za aina nyingine: zikichomelewa na kuachwa zipoe hewani, zinakuwa ngumu zaidi pale pale penye kiungio, mahali ambapo vyuma vingine hudhoofika. Kileleni kabisa kuna visivyoshika kutu, 953 ya Reynolds na XCr ya Columbus. Kuvikuta sokoni kwetu ni bahati ya mtende.

Kisha soma maneno madogo ya kwenye stika. Ya 531 inayosema "butted tubes, forks & stays" inamaanisha fremu yote pamoja na uma wa mbele. Inayosema "three main tubes" inamaanisha mabomba matatu makuu tu, huko nyuma kumewekwa chuma cha bei ya chini. Inayosema "plain gauge" inamaanisha chuma ni kizuri lakini kiuno hakuna. Fremu tatu, jina moja, uzito tofauti kabisa. Na stika mpya kabisa juu ya rangi iliyochakaa inanifanya nicheke tu, kwa sababu stika hizo huagizwa mtandaoni kama za bodaboda.

Hatua ya tatu: ng'oa nguzo ya siti

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na wauzaji wengi hawajui unachokitafuta. Weka alama ya kalamu mahali siti ilipofikia, legeza nati, ivute nje. Kwenye ile nguzo, upande wa chini, kumepigwa chapa ya namba: 25.4, 26.4, 26.8, 27.2. Hicho ni kipenyo chake kwa milimita.

Sasa pima kwa venia kipenyo cha nje cha bomba la siti, chini kidogo ya kiungio, ukikumbuka kwamba rangi inaongeza sehemu ndogo. Fremu nyingi zitakupa 28.6, za Kifaransa za zamani 28. Toa, gawanya kwa mbili. Bomba la 28.6 lenye nguzo ya 27.2: tofauti ni 1.4, nusu yake 0.7, ondoa nafasi ya nguzo kuteleza na unabaki na ukuta wa 0.6 hivi. Huo ni wembamba usiowezekana kwa chuma duni. Bomba hilohilo likiwa na nguzo ya 26.8 lina ukuta wa 0.8 hivi, kromoli ya kawaida. Likiwa na 25.4, ukuta ni milimita 1.5 hivi, na stika iseme itakavyo, hiyo ni Hi-Ten.

Angalia tu kama nguzo iliyomo ndiyo yake. Nimetoa nguzo ya 25.4 kwenye fremu ya 27.2, imezungushiwa bati lililokatwa kwenye kopo la soda, maandishi mekundu bado yanasomeka. Kwa hiyo usiishie kusoma chapa. Pima na mdomo wa bomba lenyewe kwa ndani.

Hatua ya nne: ushahidi mdogomdogo

Tazama midomo ya nyuma inayoshika ekseli. Kama ni vipande bapa vya bati nene lililokatwa kwa mashine na kubanwa kwenye bomba, fremu ni ya bei rahisi. Kama ni vinene, vilivyofuliwa, vina jina la Campagnolo, Suntour au Shimano na tundu za skrubu ndogo za kurekebisha gurudumu, mtengenezaji hakuweka vitu hivyo kwenye chuma duni.

Ukiruhusiwa kutoa uma wa mbele, chungulia shina lake. Columbus hupiga chapa ya njiwa pale (colomba ni njiwa kwa Kiitaliano), na kwa ndani upande wa chini kuna matuta matano yanayozunguka kama uzi wa skrubu. Hayo si ya kubandika kama stika.

Kisha gonga bomba la chini kwa ukucha, ukianzia ncha ukielekea katikati. Bomba nene hujibu "pu" na kunyamaza, la kiuno hulia, na mlio wake hubadilika ukifika katikati. Sioni aibu kusema sikio langu limewahi kunidanganya, kwa hiyo hiki nakiweka kama cha kuthibitisha tu.

Mwisho mizani. Fremu tupu ya saizi ya kati, bila uma, ya kromoli yenye viuno hukaa kwenye kilo 2 au zaidi kidogo. Ya Hi-Ten hukaribia kilo 3 na kupita. Baiskeli nzima haisemi kweli, maana rimu za chuma na keria huficha uzito wa fremu.

Sasa chagua kwa kazi

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa stika. Kama baiskeli ni ya kubebea madumu sita ya maji, kilo 120 nyuma, au mkaa, nunua Hi-Ten yenye kuta nene, hata kama itataka mwanaume wa kuibeba. Fremu ya 0.9/0.6/0.9 haikuundwa kwa hayo. Haitakatika siku ya kwanza, lakini mkia wake utakuwa unapeperuka kama bendera kila ukikata kona, na ufa utaanzia kwenye kiungio. Waliobuni Buffalo, baiskeli inayouzwa Kenya na nchi za kusini yenye keria ya kilo 100, walichagua chuma kizito kwa makusudi.

Kama ni ya kwenda kazini kilomita 10 hadi 20, begi mgongoni, barabara ya lami na vumbi nusu kwa nusu, kromoli ya 4130 yenye viuno vya kawaida ndiyo saizi yako. Sioni sababu ya kulipa mara tatu kupata 853 ili uokoe gramu mia mbili tatu, wakati chupa ya maji ina uzito mkubwa kuliko hapo. Aliye na mashindano ana hesabu zake. Ila ajue viuno vya 0.4 hubonyea kwa kuangukiwa na usukani tu, na kamwe asizibane fremu hizo kwenye stendi ya fundi katikati ya bomba. Zibanwe kwenye nguzo ya siti.

Nani ataichomelea?

Swali hili liulize kabla ya kulipa. Hi-Ten inachomeleka na fundi yeyote wa gesi na fimbo ya shaba chini ya mwembe. Hata umeme wa fimbo nyembamba unaweza, mkono ukiwa mzuri.

Kromoli na 531 nazo zinakubali gesi na shaba, kwa sharti moja ambalo mafundi wetu wengi hawalifuati: isimwagiwe maji. Mafundi wamezoea kupoza kazi kwa kopo la maji ili mteja aondoke. Fremu yangu ya kwanza ya kromoli ilipozwa hivyo mbele ya macho yangu, moshi ukapanda "chwaaa", nikalipa na kushukuru. Wiki ya pili ilipasuka, si pale palipochomelewa bali milimita chache pembeni, mstari mwembamba kama uzi. Chuma hiki kikipozwa ghafla kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Mwambie fundi aiache ipoe yenyewe, mahali pasipo upepo, nawe nenda ukanywe chai.

753 ni habari nyingine. Nguvu yake ilitokana na moto wa kiwandani, na moto mkali wa shaba, unaokaribia nyuzi 900, unaiondoa. 753 ilitakiwa kuunganishwa kwa fedha, inayoyeyuka kwenye joto la chini zaidi, na Reynolds waliwauzia mabomba hayo waundaji waliofaulu majaribio yao tu. Kama mjini kwako hakuna mwenye fimbo za fedha na subira, usiinunue ikiwa na ufa. Na kwenye bomba lolote la kiuno, usikubali kuchomelewa kishikio cha chupa au keria katikati. Kazi zote za moto zibaki kwenye ncha.

Kutu, hasa kwa watu wa pwani

Kromoli inashika kutu sawa na chuma kingine, na ukuta wa 0.6 una nusu ya kile ambacho ukuta wa 1.2 unaweza kupoteza. Unguja, Tanga, Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi, na kutu ya hatari iko ndani ya bomba usikokuona. Ukishanunua, vua kila kitu, ng'oa ekseli ya pedeli na uangalie pale chini maji yanapotuama. Ukitoa vumbi jekundu kidogo, si neno. Yakitoka magamba, choma kwa bisibisi upole kuzunguka na usikilize kama panatoboka.

Baada ya hapo mimina mafuta mepesi ya injini kwenye bomba la siti na kwenye vitundu vidogo vya mabomba ya nyuma, geuza fremu pande zote, kisha itundike kichwa chini usiku mzima na gazeti chini yake. Asubuhi futa, paka grisi nguzo ya siti, irudishe mpaka kwenye ile alama ya kalamu. Rudia kila mwaka masika yakiisha.